Kabari Zilizotolewa Bila Jibu la Fundi

Tao halianguki kama ukuta. Ukuta huinama kwanza, ukakupa nafasi ya kukimbia na kutukana. Tao hufunguka katikati kama mtu anayepiga miayo, halafu mawe yote yanakumbuka kwa pamoja kwamba ni mazito. Mimi nilikuwa chini yake. Nilikuwa nimeshika shati refu la mwalimu wangu, fundi Bhanwarlal, namwambia, "Mzee, tutoke." Hakunitazama. Alisimama wima, mdomo kaufunga, sharubu kazipaka rangi nyeusi asubuhi ile, na macho yake yote yalikuwa kwa mtu mmoja aliyeshika nyundo. Mtu huyo ni Mutuku. Nyuma ya Mutuku alisimama Nabil, mudir, yaani meneja wa mradi. Nyuma ya Nabil walikuwa wageni wa hoteli, simu juu, juisi mkononi. Nikasikia kabari ya kwanza ikitoka. Nikasikia ya pili. Ya tatu sikuisikia.

Mimi walinitoa nikiwa hai, mguu wa kushoto umekuwa kitu kingine. Bhanwarlal walimtoa baadaye, wakamfunika kwa yale yale magunia mabichi tuliyokuwa tukifunikia chokaa.

Nimetaja majina mapema ili asije mtu akasema mimi Charo nilizungukazunguka. Kampuni siitaji. Kampuni haina mdomo wa kujibu, watu ndio wanao. Na nyinyi vijana mnaobaki kwenye saiti za Doha, mnaoniita mzee wakati hata sitini sijafika, haya nawaandikia nyinyi. Darasa niliacha la tano, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, iacheni. Kuta zangu hazikupinda.

Turudi nyuma sasa, maana kazi haianzi siku ile inapokuvunja.

Mimi ni mtu wa Kilifi. Kwetu tulikuwa tukikata mawe ya matumbawe kwa msumeno, tukajenga, tukapaka chokaa tuliyoichoma wenyewe. Nilipofika Qatar niliwaambia watu wa ajenti kwamba mimi ni fundi wa mawe na chokaa. Wakaandika "fundi wa ujenzi", wakanipeleka kambini Industrial Area, chumba kimoja na Waganda, Wanepali na Mkisii mmoja aliyekoroma kama jenereta. Asubuhi basi la kampuni, jioni basi la kampuni. Miaka yangu ya kwanza niliimaliza ndani ya minara ya West Bay nikipanga matofali ya saruji nyuma ya vioo. Sina la kuwaambia kuhusu miaka hiyo. Nyumba ya vioo haihitaji fundi, inahitaji mtu wa kufuata mstari uliochorwa na mwingine. Nilifuata.

Halafu ikaja ile kazi ya lango. Kulikuwa na hoteli moja pwani, na mwenyewe alikuwa ametembea India akapenda ngome za wafalme wa zamani. Akataka lango la ngome kwenye bustani yake. Siyo la plasta na rangi. La mawe, la chokaa, lenye tao, milango ya mbao na misumari. Akawaleta mafundi kutoka Rajasthan, na mkubwa wao ndiye Bhanwarlal. Kampuni ikatafuta mtu yeyote kambini aliyewahi kugusa chokaa. Nikainua mkono. Wenzangu wakacheka.

"Charo, ati unaenda kujenga jumba la Maharaja?"

"Naenda. Nyie bakini mkapake saruji choo cha sheikh."

Siku ya kwanza nilimkuta Bhanwarlal amekaa juu ya rundo la mawe kama mwenye duka anayengoja wadeni. Mwembamba, kilemba chekundu, sharubu zimepinda juu. Tusidanganyane, hakuwa mnyenyekevu. Alijisifu tangu asubuhi mpaka basi lije, na aligombana na kila aliyemkaribia, hata mpishi. Tulizungumza kwa Kihindi cha kambini, Kiarabu cha yalla yalla, na Kiingereza kinachochechemea. Baadaye akachukua Kiswahili changu pia, akakitumia vibaya kwa kujiamini.

"Wewe wapi?"

"Kenya."

"Chokaa unajua?"

"Kwetu tunachoma matumbawe ya baharini."

Akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Mawe ya samaki! Basi wewe ndugu yangu wa pembeni. Kaa."

Nikatoa mwiko wangu. Akauchukua, akautupa pembeni, akanipa nyundo ndogo na jiwe. "Gonga. Sikiliza." Nikagonga. Akanipa lingine. Nikagonga. "Tofauti?" La kwanza lililia kama kengele. La pili lilikohoa. "Hilo la kikohozi lina ufa ndani," akasema. "Weka msingini, mahali litakapobanwa pande zote. Kwenye tao usiliweke kabisa. Kwenye tao wanakaa wazima tu." Wiki hiyo yote sikushika mwiko. Niligonga mawe tu.

Nyinyi vijana mnapenda mashine. Pendeni. Lakini jueni kwamba mchanga wa Doha hulambwa kwanza. Bhanwarlal aliweka punje ulimini, akatema, akasema, "Bahari." Tukauosha kwa maji matamu na kuulamba tena, tukauosha tena, mpaka ukakosa ladha. Mchanga wenye chumvi ukiuingiza ukutani, ukuta utatoka jasho jeupe na plasta itabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Nimeona majumba ya watu wakubwa hapa yenye ugonjwa huo. Najua kisa chake, na sasa nyinyi pia mnajua.

Chokaa tuliiloweka kwenye mapipa, ikachemka yenyewe bila moto, tukaiacha ilale muda mrefu. Kisha tukaichanganya na unga wa matofali ya kuchoma, sukari guru, na maji yaliyolowekwa uwatu. Ndiyo, uwatu, huo wa kwenye mchuzi. Sukari guru huifanya chokaa ishikane, uwatu huipa ute. Wenzangu wa kambini walipita wakanusa.

"Charo, Mhindi wako anaupikia ukuta chai?"

"Anaupikia. Wewe nani alikupikia leo?"

Tulikuwa na maadui wawili: sisimizi na mpishi. Sisimizi walikuja kwa sukari kupitia chini ya mlango. Mpishi alikuja kupitia mlangoni kabisa, akachota ya kutilia chai ya watu wake. Bhanwarlal alisema ngome za India zimewashinda wafalme wengi, ila hakuna ngome iliyowahi kumshinda mpishi.

Kwao, kwa kusaga ule mchanganyiko, kulikuwa na mfereji wa duara na jiwe kubwa la kuviringika, likivutwa na ng'ombe. Doha ng'ombe utampata wapi, na mashine Bhanwarlal aliikataa, akasema inakoroga lakini haisagi. Tukaliburuta wenyewe kwa zamu. Kila asubuhi ilikuwa ni, "Ng'ombe wa leo nani?" Hata Mutuku alivuta. Naandika hilo kwa haki. Mutuku, Mkenya mwenzangu, alikuwa mnyapara wa maseremala waliotengeneza kiunzi, yaani ile fremu ya mbao inayobeba tao mpaka lipate nguvu. Mtu wa utani, mchapakazi. Alikula nasi, akavuta jiwe, akaitwa ng'ombe na kuitikia "moo".

Tukiwa tunasaga ndipo Bhanwarlal alipotoa habari za ngome. Sijasoma kitabu kuhusu ngome za India wala sitasoma. Nilizozipata ni za upande wa wajenzi, na wajenzi hawaanzi na mfalme.

"Watu hudhani ngome inaanza na ukuta," alisema. "Ngome inaanza na maji. Babu zetu walipelekwa mlimani kwanza wakachimba matangi ya mvua kwenye mwamba. Maji yakikaa, ndipo mfalme anaambiwa njoo. Ngome nyingi hazikuvunjwa, bhai. Zilikauka. Au zilikula nafaka ya mwisho, zikafungua mlango zenyewe."

Alituchorea mchangani kwa kidole: njia ya kupanda kwenye lango haiendi moja kwa moja. Inapinda, inapinda tena, na lango lenyewe liko pembeni baada ya kona. Kwa nini? Kwa sababu ya tembo. Adui alikuja na tembo wa kuvunjia milango, na tembo anahitaji nafasi ya kukimbia. Ukimpindia njia mbele ya mlango, anafika akitembea kama anayekwenda sokoni. Na akiinamisha kichwa asukume, anakutana na misumari ya chuma iliyopangwa kwenye kimo cha paji lake. Mutuku akauliza, "Na tembo wa Kenya je, wale wakubwa?" Bhanwarlal akafikiri kwa makini sana. "Tutapandisha misumari."

Alisema tao si lao tangu mwanzo. Babu zake wa kale walisogeza jiwe juu ya jiwe, kila moja likitokeza kidogo, mpaka pande mbili zikutane juu. Halafu wakaja wafalme Waislamu na mafundi wao, na tao lenyewe, mawe yanayobanana na kubebana. "Wafalme walipigana miaka na miaka. Mafundi walikaa chini wakaonyeshana kazi. Baba wa baba wa babu yangu alifunzwa tao na fundi anayeswali." Ilipokuja mizinga, kuta zikanenepa na minara ikajengwa mviringo ili risasi iteleze. Kila fundi alichonga alama yake ndogo kwenye jiwe, samaki, mshale, ua, upande usioonekana sana. Alama ya ukoo wao ilikuwa ni uzi wenye timazi. Alituonyesha kwa kidole hewani, akajivuna kana kwamba kaichonga yeye.

Kuna kijana mmoja Mnepali alimuuliza kama ni kweli wafalme waliwakata mafundi mikono wasije wakajenga ngome nyingine nzuri kama ile. Bhanwarlal akatema mate.

"Uongo wa wauza chai kwa watalii. Mfalme akinikata mikono, mvua ikinyesha paa likavuja, atamwita nani? Mke wake?"

Sasa nasimulia desturi moja, na naomba muisikilize vizuri, maana kila kitu kimelala juu yake.

Tao likiwa limekamilika bado limelalia kiunzi. Chini ya kiunzi kuna kabari za mbao zinazokishikilia juu. Kabari zikigongwa zikatoka, kiunzi hushuka, na tao linabaki lenyewe hewani. Kwa akina Bhanwarlal, siku hiyo fundi mkuu husimama chini ya tao lake, na mwanafunzi wake kushoto kwake. Mtu wa nyundo anauliza kwa sauti, "Fundi, nitoe?" Fundi akijibu "Toa", kabari zinatoka. Fundi akinyamaza, hakuna anayegusa kitu. Mtu wa nyundo anaweka nyundo chini, watu wanakwenda kunywa chai. Kunyamaza ndiko kukataa. Hakuna kueleza wala kubembeleza. Alituambia babu yake aliwahi kunyamaza chini ya lango la ngome yao huku afisa wa mfalme akipiga kelele juu ya farasi, na kabari zikabaki mpaka mvua zikaisha. Afisa alipiga kelele hata sauti ikamkauka, lakini hakuna aliyegonga. "Yule afisa angeweza kumchinja," alisema. "Lakini kutoa kabari juu ya kichwa cha fundi aliyenyamaza? Hapana. Hata mwendawazimu hafanyi."

Kiunzi kilikuwa cha maseremala, kwa hiyo mtu wa nyundo alikuwa Mutuku. Bhanwarlal alimfunza mwenyewe. Tulikuwa na matao madogo mawili ya vidirisha pembeni mwa lango, na tuliyatoa kwa desturi yote. La kwanza, Mutuku aliuliza, Bhanwarlal akajibu, kiunzi kikashuka, tao likatoa mlio mdogo, tik, likatulia. Tukapiga makofi. La pili, Mutuku aliuliza na Bhanwarlal akanyamaza. Mutuku akaweka nyundo chini, akageuka kwetu.

"Haya wazee, chai."

Kesho yake aliuliza tena na akajibiwa. Kwa hiyo asije mtu akaniambia Mutuku hakujua. Alijua. Alifanya mbele ya macho yangu.

Na Nabil naye hakuwa mjinga. Mudir wengi ninaowajua hawawezi kutofautisha chokaa na unga wa ngano, lakini Nabil alizaliwa kwenye nyumba ya wajenzi wa mawe huko milimani kwao. Alituambia mwenyewe, akinywa chai yetu ya sukari guru. Alikuja nchi hii kwa viza kama sisi. Alimuuliza Bhanwarlal tao kubwa litahitaji muda gani, akaambiwa, akakubali, akaandika. Chokaa haikauki, vijana. Chokaa huiva. Katika jua la Doha ukiiachia inakauka juu na kubaki mbichi ndani, kama mkate wa mke mwenye haraka. Ndiyo maana tulifunika magunia na kuyamwagia maji asubuhi, adhuhuri na jioni. Na mabega ya tao, yale mawe ya pembeni yanayolizuia lisipanuke, yalikuwa bado hayajajazwa. Nabil aliyaona. Alipita hapo kila siku.

Halafu mwenye hoteli akapata wageni mapema. Nabil akaja, siku hiyo hakukaa kunywa chai.

"Mistri," akamwambia Bhanwarlal, yaani fundi kwa Kihindi, "Alhamisi tunafungua."

"Alhamisi hakuna lango. Kuna mawe yamelalia mbao."

"Wanataka kuona ile desturi yenu. Ya kusimama chini."

"Wataiona ikifika siku yake."

"Babu zako walisimama chini ya mizinga. Wewe unaogopa watu wenye juisi?"

Bhanwarlal akazungusha sharubu. "Babu zangu hawakuwa na mudir."

Tulicheka wote, Nabil pia. Nilifikiri imeisha hapo.

Alhamisi tulikuta viti vimepangwa, mazulia, muziki. Magunia yetu yameondolewa, ati yanachafua picha. Bhanwarlal alisimama akayatazama mawe yake yaliyo uchi juani. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu yeye alipiga kelele hata chumvi ikizidi kwenye dengu. Alinawa mikono. Akafunga kilemba upya. Akatembea mbele ya wageni wote mpaka chini ya tao, akasimama.

Nilidhani amekubali. Nikamfuata, kwa kuwa nafasi ya kushoto ilikuwa yangu, na nikamnong'oneza, "Mzee, umekubali?"

"Nimekuja kufunga mlango," akasema.

Mnaelewa alichofanya? Kwake yeye hapo ndipo mahali salama kuliko pote Doha. Angebaki pembeni akibishana, wangemvuta mkono, wangemweka mwingine, wangegonga. Lakini fundi akiwa chini na akanyamaza, mlango umefungwa kwa komeo ambalo hakuna aliyewahi kulivunja, toka enzi za tembo. Aliweka kichwa chake kiwe komeo. Hilo ndilo kosa lake. Alidhani desturi ya kwao imevuka bahari pamoja naye.

Mutuku akauliza kwa sauti ya maonyesho, "Fundi, nitoe?"

Bhanwarlal kimya.

"Fundi, nitoe?"

Kimya. Wageni wakadhani ni sehemu ya mchezo, baadhi wakapiga makofi. Mutuku alishusha nyundo. Nilimwona, aliishusha. Nabil akasogea nyuma ya bega lake akasema, si kwa sauti kubwa lakini mimi nilikuwa hapo na masikio yangu, "Toa. Yalla, toa."

Mutuku akatutazama. Akainua nyundo. Nikamshika mzee shati. Yaliyobaki nimeshayasema.

Nilipozinduka hospitali nilikuta kisa kimeshajengwa na kupakwa rangi. Nabil alisema fundi alitoa ishara kwa kichwa. Mutuku alisema, "Nilisikia 'toa'," akaishia hapo. Hakusema kutoka mdomo wa nani, na hakuna aliyemuuliza. Wote wakakubaliana: kosa la fundi, mzee wa mambo ya kizamani, alitaka kujionyesha. Na simu za wageni je? Muziki ulikuwa juu, na mtu wa hoteli alipita akiomba picha zifutwe. Wageni wa hoteli ile ni watu wenye adabu. Walifuta.

Lango walilijenga tena, la saruji, likapakwa rangi ya mawe. Limependeza. Maharusi hupigia picha hapo.

Mimi nilirudishwa West Bay, safari hii kwenye maegesho ya chini ya mnara, kufungua na kufunga kile kizuizi cha magari. Kazi ya kukaa. Sina ubaya nayo, imenilisha mpaka nimestaafu mwezi uliopita. Sasa nipo kwa binamu yangu, mtaa wa Muaither, nimefunga begi, nangoja siku ya ndege. Watu huniambia, Charo, shukuru Mungu uko hai. Nashukuru. Kushukuru hakunizuii kuuliza.

Na kinachonifanya niulize ni Kishan, mtoto wa Bhanwarlal. Kwao koo za mafundi hupokezana kutengeneza ile ngome ya zamani, na ukoo wenye zamu ndio unaoshika uzi wa lango, ule uzi wa kupimia, ile alama yao. Habari zilipofika kwamba tao la Bhanwarlal liliangukia watu baada ya yeye mwenyewe kusema "toa", wazee waliuchukua uzi kutoka nyumba ile. Nyumba ambayo tao lake limeanguka kwa neno la fundi wake haishiki uzi tena, wala mtoto, wala mjukuu. Kishan ni fundi kuliko mimi. Leo anawakorogea wengine chokaa chini ya lango ambalo babu wa baba yake alisimama akanyamaza.

Hunipigia simu. "Chacha," huniita hivyo, yaani baba mdogo, "baba alisema toa?"

"Hakusema. Alinyamaza. Nilikuwa kushoto kwake."

"Wazee nimewaambia. Wanasema neno la mwanafunzi juu ya mwalimu wake halipimwi, mwanafunzi amekula mkononi mwake. Wanamtaka mtu wa nyundo. Yeye ndiye aliyeuliza, yeye ndiye anajua alijibiwa na nani."

Desturi ndivyo ilivyo, na siikatai. Ni haki. Mtu wa nyundo ndiye shahidi.

Huyo shahidi nilikutana naye. Ilikuwa asubuhi ya kazi, magari yamejipanga kuingia maegeshoni, na kwenye kioo cha gari la kampuni nikamwona Mutuku, amenenepa, kofia nyeupe ya wakubwa. Akashusha kioo kabla hajanijua. Aliponijua alitaka kukipandisha.

"Charo! Ndugu yangu! Mguu vipi?"

"Uko hapa. Kishan anakutafuta."

"Kishan yupi?"

"Unamjua. Ulikula pipi za harusi yake baba yake alipotuletea."

Akatazama mbele. "Charo, hayo yalikwisha."

"Kwako. Mpigie simu, umwambie nani alikujibu. Neno moja tu."

"Nina watoto, bwana. Nabil bado yuko juu yangu."

"Bhanwarlal pia alikuwa na watoto."

"Fungua."

Sikufungua. Magari nyuma yake yakaanza kupiga honi. Nilikaa na kidole juu ya kile kitufe, namtazama.

"Charo, fungua, watu wanangoja."

"Nani alikujibu?"

Aliinamisha kichwa kwenye usukani. Honi zikawa ukuta. Mkuu wangu wa zamu akaja mbio akabonyeza yeye mwenyewe, na gari likapita. Nilikaripiwa siku hiyo. Sawa tu. Lakini nilimwona uso, na nawaambia, yule mtu anajua jibu na linamkaa kooni kama mfupa.

Kwa hiyo nyinyi vijana mnaofanya kazi chini ya Mutuku, na mko wengi, msomeeni haya wakati wa chai. Msimtukane. Alikuwa mtu wetu, alivuta jiwe pamoja nasi. Msomeeni tu, halafu mnyamaze, mumtazame.

Nabil, wewe sikuombi useme ukweli, maana uliusema siku ile, neno moja, nami nililisikia. Nakutaka ulirudie mbele za watu kwa sauti ile ile. Ulijua mabega ya tao hayajajazwa. Baba yako alikufunza.

Na wewe Mutuku, simu ya Kishan unayo, nilikutumia. Wazee wa ngome wamekaa wanangoja, na wao ni watu wanaojua kungoja. Hawataki machozi yako wala maelezo. Uliuliza mara mbili mbele yangu, "Fundi, nitoe?"

Jibu sasa. Nani alikwambia toa?